Nilivyomwandika Mama kwa Bwana Shamba

Majani mabichi yaliyofukiwa yana harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote nilipoishi, na nimeishi kwingi. Siku ya kwanza yananuka majani tu. Siku ya nne yanaanza kuchachuka, mfano wa pombe ya ulezi iliyosahauliwa chunguni. Ikifika wiki ya tatu unapita shambani asubuhi, umande umekulowesha hadi magotini, na pua yenyewe inakuambia kwamba humo ndani ya udongo kuna kitu kinaiva. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu kijijini Pito, miezi ile mvua inapoanza kuaga na baridi ya Ufipa inaanza kuingia mifupani. Wanawake walikuwa wakipasua nyasi kwa jembe, mizizi na udongo wake pamoja, wakilaza bonge juu ya bonge kwa kuzunguka, nyasi zikiangalia ndani, mpaka panasimama kilima kidogo cha duara kinachomfika mtoto kiunoni. Vilima hivyo tunaviita ntumba. Juu yake hupandwa maharage. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, ntumba inabomolewa, udongo wake ulioiva unatawanywa, na hapo ndipo ulezi unapomwagwa. Ukisimama kwenye barabara ya kwenda mjini Sumbawanga ukatazama mteremko wetu, ulikuwa unaziona zimejipanga mamia kwa mamia, kila moja na maharage yake kichwani. Mimi nilizaliwa nikazikuta, kwa hiyo sikuwahi kuziuliza chochote.

Shamba la mama lilikuwa kwenye mteremko huo, linaanzia karibu na nyumba yetu na kushuka hadi kijitoni. Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge huko Tanga, kama wanaume wengi wa kwetu wakati wa Waingereza, na mwaka huo ninaousimulia ulikuwa wa pili hatujamwona. Kwa hiyo tulikuwa mama, mimi, na wadogo zangu wawili ambao kazi yao kubwa ilikuwa kula. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa kimelala mle ndani ya ntumba. Mama hakujua kusoma. Mimi nilijua, na nilihakikisha hakuna mtu Pito nzima asiyelifahamu hilo. Barua za kwenda kwa baba niliziandika mimi, zake nilizisoma mimi kwa sauti ya padri akisoma Injili, na majirani wakinisikia walisema, "Huyu Sesilia wa Mama Sesilia atakuwa karani." Kichwa kikavimba.

Kilichokivimbisha zaidi ni Kiingereza. Nilikuwa darasa la sita katika shule ya misheni, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mwalimu Kasiano, mtu mfupi, mgeni kutoka Unyamwezi, mwenye kaptula iliyopigwa pasi hadi ikaweza kusimama yenyewe. Mwalimu huyu alikuwa na ugomvi na neno moja, nalo ni "say", yaani kusema. Ukiandika insha ukaliweka mara moja, alivumilia. Ukiliweka mara ya pili, alilizungushia duara jekundu. "Mtu hasemi tu," alikuwa akituambia. "Mtu anaeleza. Anadai. Anakiri. Anakana. Anasisitiza. Wewe unayepeleka maneno yake kwa mwingine, tuambie alikuwa anafanya nini alipoyatoa." Aliandika vitenzi hivyo vya Kiingereza kwenye karatasi ya kaki iliyofungiwa sukari, akaitundika pembeni ya ubao, na kila Ijumaa tulicheza mchezo wake. Wanafunzi wawili walisimama wakabishana kwa Kiswahili, tuseme ugali wa ulezi na wa mahindi upi una nguvu, na wa tatu akaeleza kwa Kiingereza hoja za kila mmoja. Sharti lilikuwa moja tu: ukimaliza, darasa lisijue wewe binafsi unapenda ugali gani.

Loo, nilivyoupenda mchezo ule! Ilikuwa kama nimepewa macho mengine. Nikienda kisimani nasikia mama mmoja jirani akiapa kwamba mbuzi wake hawajagusa mahindi ya mtu, kimoyomoyo naandika "deny", anakana. Padri akihubiri naandika "insist", anasisitiza. Mdogo wangu akisema hajalamba asali huku kidevu kinang'aa, nilikuwa na kitenzi chake tayari. Nilijiuliza maswali ambayo hakuna mtu wa kumuuliza. Kwa nini maneno yaleyale, yakipita mdomoni mwa mtu wa pili, yanatoka yamebadilika sura? Kwa nini mtu mkubwa "anaeleza" na mtoto "anajitetea", na wote wamesema jambo moja? Nilikuwa mdadisi kwelikweli, sijisifu. Lakini udadisi wangu uliishia kwenye maneno. Ile karatasi ya kaki niliiona kama shanga, kwamba kadiri unavyokuwa nazo nyingi ndivyo unavyopendeza, basi vaa zote.

Mwezi wa nne, maharage yameanza kutoa maua, akaja Bwana Shamba. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwekundu shingoni, anayekisema Kiswahili vizuri kuliko bibi yangu. Jumbe wetu, ndiye mkubwa wa kijiji wakati ule, aliita watu wote barazani kwake, na Bwana Shamba akatangaza kwamba ntumba za kwenye mteremko zote zisawazishwe. Badala yake yachimbwe matuta marefu ya kukata mteremko, ya kuzuia udongo usiteremke mtoni. Si mwaka ujao. Sasa, kabla mvua haijaisha. Watu wakaguna, wanaume wakatazama vidole vya miguu yao. Ndipo mama akainuka, akapiga magoti, akapiga makofi yale ya taratibu ya kumwamkia mkubwa, kisha akasema kwa Kifipa huku karani wa jumbe akimgeuzia kwa Kiswahili.

Alisema mambo manne, nayakumbuka kama ya jana. Alisema majani yaliyofukiwa yanaoza na kuwa chakula cha ulezi, na ukiyafumua kabla hayajaoza umepoteza miaka miwili, huu wa maharage na ule wa ulezi. Alisema maji ya mvua yakianguka katikati ya ntumba hayana njia ya kukimbilia, yanazungukazunguka hapo mpaka ardhi inayanywa. Alisema tuta refu likitoboka mahali pamoja, maji yote yanapita hapo kwa mkupuo, yanachukua na udongo. Na la mwisho, akasema mwaka juzi mvua kubwa ilimwangushia ntumba tatu za chini, kwa kuwa alizijenga akiwa na homa, mabonge hakuyashindilia vizuri, na tangu hapo amejua namna ya kuzisimamisha. Bwana Shamba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno ya barazani yanapotea, mwenye hoja aiandike na kuipeleka ofisini kwake mjini, naye ataisoma.

Watu wote walinigeukia mimi. Haki ya nani, nilihisi nimerefuka. Jioni hiyohiyo mama alikaa kwenye kigoda mlangoni, mimi chini kwenye mkeka, daftari magotini, akanitajia maneno yake polepole. Alitaka niandike kwa Kiswahili.

"Si anakijua," alisema.

"Mama, Kiswahili anakijua, lakini Kiingereza atakiheshimu," nikamjibu.

Mama akacheka, akaniachia. Nikaandika kwa Kiingereza, nikiivua ile karatasi ya kaki shanga moja baada ya nyingine. "Say" nililitumia mara moja tu, tena kwa shingo upande. Kwenye majani yanayooza niliweka "claim", anadai. Kwenye tuta linalotoboka nikaweka neno la namna hiyohiyo, refu zaidi, ambalo nilikuwa na hamu nalo tangu wiki ile. Na kwenye ntumba tatu zilizoanguka niliweka "admit", anakiri. Nilipomaliza nilimsomea kwa sauti. Hakuelewa hata neno moja, lakini aliinamisha kichwa upande mmoja akasikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Kumbe maneno yangu yanasikika vizuri hivyo!" Nikiukumbuka uso wake wa jioni ile mpaka leo natamani ardhi inimeze. Kesho yake nikanakili barua kwenye karatasi nzuri, nikaenda nayo mjini kwa miguu, nikanunua bahasha kwenye duka moja la Majengo, nikamkabidhi karani wa Bwana Shamba kwa mikono miwili.

Jibu lilikuja Jumatano, limeletwa na tarishi mwenye baiskeli. Lilikuwa fupi, limepigwa chapa. Nililisoma mara moja kimya, nikalisoma tena. Bwana Shamba aliandika kwamba, kwa kuwa mwenye shamba mwenyewe anakiri kuwa mvua imekwisha kubomoa ntumba zake, na kwa kuwa hayo mengine anayodai hana uthibitisho wake, amri ibaki palepale. Shamba lisawazishwe Jumamosi, na jumbe alete watu wa kufanya kazi hiyo.

Nikamgeuzia mama kwa Kifipa. Alikuwa anapeta ulezi, akaushusha ungo chini.

"Nimekiri? Nimekiri nini? Kwani nimeiba?"

"Ni zile ntumba tatu, mama."

"Zile tatu nilimsimulia ajue kwamba najua kuzijenga. Wewe ulimwambiaje?"

Nikatafuta namna ya kumweleza. Nikamwambia kwamba Kiingereza kina maneno mengi ya kusema, lingine ni la kukiri, lingine ni kama ile "eti" ya Kiswahili, unaposema fulani eti amesema hivi. Mama alikuwa na Kiswahili chake cha sokoni, na "eti" aliijua kama kila mtu anavyoijua. 

"Kwa hiyo uliniandika eti," akasema. Hakupandisha sauti. Akauinua ungo akaendelea kupeta, na mimi nilikaa pale nikitamani anichape.

Kesho yake, Alhamisi, nilimpelekea Mwalimu Kasiano daftari langu lenye nakala ya barua. Aliisoma amesimama chini ya upenu wa darasa, wingu limefunga, ngurumo zinasikika upande wa Mollo. Alipomaliza aliniuliza barua hii ameiandika binti wa mwenye shamba au adui yake. Nikamwambia nimefanya kama alivyotufundisha, sikurudia neno. Hapo akakasirika. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Sikukufundisha hayo ili upambie barua! Ukiandika kwamba mtu anadai, unamwambia msomaji, mimi simo, kama ni uongo ni wa huyo. Sasa nijibu. Wewe mwenyewe unamsadiki mama yako?"

 Ukweli ni kwamba sikuwa namsadiki. Sikuwa namkatalia, lakini kumsadiki pia hapana. Bustani yetu ya shule ilikuwa na matuta marefu yaliyonyooka kama mistari ya daftari, na kwenye kitabu cha Kiingereza kulikuwa na picha ya shamba la namna hiyo, na mimi ndani ya roho yangu niliona ntumba za mama ni mambo ya kizamani ya watu wasiosoma. Nilikuwa namwonea mama aibu. Ndiyo, nimelisema. Nilimpenda, nilikula jasho lake, na nilimwonea aibu. Mwalimu alinisubiri nijibu, akaona machozi, sauti yake ikashuka. Akasema kama sijui, basi sina budi kwenda kujua, na kwamba barua nyingine hatanisaidia kuandika hata neno moja mpaka niwe nimetoka shambani. Halafu mvua ikaanza.

Sikungoja ipungue. Nilipita kwanza kwenye bustani ya shule, kwa sababu swali lilikwisha kunishika na sikuweza kuliacha. Nilichutama kwenye mvua nikatazama maji. Yalikuja kutoka juu, yakalifikia tuta la kwanza, yakasimama. Vizuri, nikasema, kitabu kimesema kweli. Lakini yakaendelea kujaa, yakaanza kutembea ubavuni mwa tuta yanatafuta, yakakuta tundu la fuko, na dakika hiyohiyo tuta likafunguka na maji yote ya bustani yakapita hapo kwa pamoja, mekundu, yamebeba miche ya kabichi ya masista. Nilipiga kelele peke yangu. Kisha nikakimbia hadi Pito, sidhani kama niligusa ardhi, nikaingia kwenye shamba letu nikachutama tena. Hapa maji yalikuwa hayaendi popote. Yanagonga ntumba moja, yanageuka, yanagonga ya pili, yanageuka, yanakaa kwenye kibonde kidogo katikati, unayatazama na yanapungua taratibu. Nilihama kutoka ntumba hadi ntumba nikidhani labda ile inayofuata itakuwa na siri nyingine.

Mwishowe nikazamisha mkono ndani. Nilitoboa ubavu wa ntumba kwa vidole, nikaingiza hadi kwenye kiwiko, na nilichokutana nacho ni joto. Nje nilikuwa natetemeka, meno yanagongana, na mle ndani kulikuwa na joto kama la chungu kilichoepuliwa muda si mrefu. Nikatoa konzi. Nyasi zilikuwa zimekuwa nyeusi, zinakatika kama ugali, na minyoo minene ilikuwa inajinyonganyonga humo kwa furaha zake. Nikanusa. Ilikuwa ile harufu niliyoinusa tangu nizaliwe na sikuwahi kujua inatoka wapi. Nilicheka kwa sauti pale kwenye mvua.

"Unatafuta nini humo?" Ilikuwa ni mama, amejifunika gunia kichwani, alikuwa amekuja kunitafuta.

"Naangalia kama ni kweli," nikasema.

Lilinitoka kabla sijalipima.  Nadhani neno hilo lilimuuma kuliko barua. Lakini mama yangu alikuwa mkulima, na mkulima akimwona mtu amefukua mahali pasipofaa hawezi kuvumilia. "Hiyo bado changa," akasema. "Njoo huku, hizi ni za mwezi wa pili." Akanitembeza. Akazamisha mkono wake, akazamisha wangu, akanionyesha ya wiki tatu, ya miezi miwili, na moja aliyoiacha tangu mwaka jana makusudi ajaribu mbegu, ambayo ndani yake hapakuwa tena na jani wala mzizi, udongo mtupu mweusi mororo. Akanionyesha pia mahali zilipoanguka zile tatu na namna anavyoweka bonge la chini siku hizi. Nikamuuliza maswali mpaka tukalowa chapachapa. Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia haya yote.

"Nilikuambia mbele ya watu wote," alisema, "na wewe ukaandika."

Ijumaa niliandika barua ya pili. Haikuwa na shanga hata moja. Mama anasema, mama anasema, mama anasema. Mwalimu angeijaza maduara mekundu kutoka juu hadi chini. Zile ntumba tatu nikaandika kwamba anaeleza kwa nini zilianguka, na mwishoni nikaongeza maneno yangu mwenyewe, kwamba mimi mtoto wake nimezamisha mkono nikakuta joto, na bustani ya shule nimeiona ikitoboka. Tukaenda mjini pamoja, mama mbele mimi nyuma. Karani akatuambia Bwana Shamba yuko safarini Mollo, atarudi kesho asubuhi. Kesho ndiyo Jumamosi. Tukalala kwa ndugu wa mama pale mjini, na sidhani kama mama alisinzia.

Asubuhi Bwana Shamba alitukuta tumeketi kwenye ngazi za ofisi. Mama akamwamkia kwa magoti na makofi, mimi nikampa barua. Aliisoma palepale, amesimama.

"Ile ya kwanza uliandika wewe?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa uongo?"

 Nikamwambia hapana, haukuwa uongo, maneno yalikuwa ya mama vilevile, ila mimi wakati ule nilikuwa sijamsadiki. Alitazama barua, akanitazama mimi, akamtazama mama. Mama hakusubiri nimgeuzie. Kwa Kiswahili chake cha sokoni akamwambia, "Bwana, njoo utie mkono." Basi tukapanda kwenye landrova yake, mara ya kwanza katika maisha yetu, na mama alishika chuma cha mbele kwa mikono miwili njia nzima macho yake yako barabarani.

Tulichelewa. Watu wa jumbe walikuwa wameanza alfajiri kutokea chini, kijitoni, na walikuwa wachapakazi. Upande wote wa chini ulikuwa tambarare. Maharage yalilala mizizi juu, maua yake meupe bado hayajanyauka, na nyasi zilizokuwa zimeoza nusu zilitandazwa juani zikitoa mvuke mwembamba. Mama alishuka garini akasimama.  Bwana Shamba alipandisha mkono wa shati, akaenda kwenye ntumba ya upande wa juu, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akauacha humo kwa muda. Akatoa sauti fulani puani. Nimeishi miaka mingi na vitenzi, na mpaka leo sijapata kitenzi cha sauti ile. Kisha akawaambia watu waache. Upande wa juu ubaki na ntumba zake mpaka ulezi wa mwaka ujao, alisema, naye atarudi kulinganisha. Kurudi hakurudi, tulisikia amehamishwa.

Tulivuna nusu ya maharage, na mwaka uliofuata tukavuna nusu ya ulezi. Njaa haikutuua, sitii chumvi. Lakini ilipofika miezi ya mwisho kabla ya mavuno mama aligawa ugali kwa wadogo zangu kwanza, kisha kwangu, na kuhusu yeye alisema ameshiba. Nimetumia neno alisema, na nimelitumia kwa makusudi. Mimi nilikula nikiangalia chini. Hakuwahi kunilaumu, si siku ile wala baadaye, na ningependa zaidi anilaumu. Kilichobadilika ni kimoja tu. Tangu hapo, kila barua niliyomwandikia, hata ya kumsalimu baba, hata ya kuuliza bei ya jembe, hakuikubali ifungwe kabla sijamgeuzia neno kwa neno, naye akawa ananikatiza katikati: "Hapo umeniwekaje?" Aliniuliza hivyo hadi alipofariki, nami nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Nilimjibu kila mara.

Majirani walibashiri sawasawa, nilikuwa karani. Nimeandika kumbukumbu za mikutano miaka mingi, wakati wa Waingereza na baada ya uhuru, na ninajua, ninaposikia redioni siku hizi kwamba wananchi wanadai hili na wanakijiji wanalalamikia lile, kuna mtu mahali fulani amechagua neno harakaharaka kabla ya chai. Zamani maneno ya mama yalihitaji kubebwa kwa miguu hadi mjini ndipo yamfikie Bwana Shamba. Leo yanafika kabla hujavuta pumzi, tena mwenyewe unaweza kuyanena kwenye simu yakasikika kwa sauti yako. Ni maendeleo makubwa na nayafurahia. Ila mimi siku hizi macho yana mtoto wa jicho, herufi za simu nazo kwangu ni ukungu, na kwa hiyo nimefika mahali alipokuwa mama. Mimi ndiye wa kuandikiwa.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa ananiandikia ujumbe kwa daktari. Nilimwambia anisomee alichoweka. Akasoma: "Bibi analalamika kwamba mguu unamuuma."

"Silalamiki, mama. Nasema unauma."

"Bibi nawe! Si ni kitu kilekile?" Akacheka, akafuta kwa kidole kimoja, akaandika upya, na kazi ikawa imekwisha. Niliuona ule wepesi wa kufuta na machozi yakanitoka, siyo kidogo, ya kwikwi. Mtoto wa watu akashtuka, akadhani ni mguu. Akamwandikia daktari palepale kwamba Bibi analia kwa maumivu, na safari hii sikumsahihisha.